Mbabula ya Sebuleni

Kitu kimoja tu Berthe alichowaomba: wamtengenezee mbabula mbovu. Alilisema hilo Jumatatu asubuhi mbele ya mafundi wote wa karakana, kwa Kiswahili kinyoofu na kwa Kifaransa juu yake, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakusikia. Jiko la makala, yaani la makaa, la ovyo, alisema, la mabati ya makopo, la kujaribia tu, likishamaliza kazi yake litupwe. Wote wakaitikia kwa vichwa. Halafu wakaingia chumba cha nyuma, wakafunga mlango, na hawakumwonyesha chochote mpaka wiki iliyofuata ilipokuwa inakatika.

Walipotoka walikuwa na mbabula tatu, na zote zilikuwa zimepakwa rangi. Rangi ya kijivu, ile ile ya vichwa vya treni vya kampuni ya migodi, na mpaka leo hakuna anayejua waliipata wapi katika mji ambao hata msumari ulikuwa umeadimika. Chuma chake kilikuwa kinene. Maungio yalikuwa yamesuguliwa hata hayaonekani, na ukingo wa juu ulikuwa laini kiasi cha mtu kujitazamia meno. Chini ya kila moja Numbi alikuwa amegonga namba yake ya kazi, kama alivyogonga chini ya kila kitu alichowahi kukitengeneza, ingawa kampuni iliyompa namba hiyo ilikuwa imesahau zamani kumlipa.

Berthe aliuliza kama hizo ndizo mbabula mbovu. Gaston, mzee wa kuchomelea, akatazama dari. Numbi ndiye aliyejibu, bila kuona haya hata kidogo.

"Miye siwezi kutengeneza kintu mubaya, mama Berthe. Mukono inakataa."

Berthe alishika kichwa. Alikuwa mchoraji wa ramani za mashine kampuni ilipokuwa kampuni. Yeye alichora, watu hawa wakachonga, na kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kunyanyua nyundo bila mchoro uliopigwa muhuri. Sasa michoro ilikuwa imekwisha, mishahara imekatika, na katika nyumba za mtaa wa Shituru umeme ulikuwa ukija kama mgeni asiyepiga hodi. Majiko ya umeme ambayo akina mama walijivunia yaligeuka kabati za kuwekea sahani. Mji mzima ulitaka mbabula. Mtu akishindwa kuuza mbabula Likasi katika mwaka kama ule, basi hana mtu wa kumlaumu ila nafsi yake.

Nao walikuwa wanashindwa. Zile za kwanza kabisa, kabla ya hizi za kijivu, zilikuwa nzito kama kitanda cha chuma, na zilikula makala gunia kwa gunia kabla ya maji kuchemka. Ndipo masista wa kanisani kwake wakampeleka Berthe semina Lubumbashi, akafundishwa namna nyingine ya kufanya kazi: nenda kwanza ukamtazame mwenye shida, umsikilize, tengeneza kitu cha haraka cha bei ya bure, mwachie akiharibu, ujifunze kutokana na alivyokiharibu, urudie. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeokoka. Kwa bahati mbaya wenzake walikuwa wameshaokoka kwa njia yao, na dini yao ilikuwa kazi safi.

Na siku zilikuwa zinawaponyoka. Banda lile la kando ya reli lilikuwa mali ya Assani, mfanyabiashara wa sokoni, aliyewaazima pamoja na lundo la vyuma chakavu. Mtu mwema, lakini alikuwa na unga unaokuja kutoka mpakani Kasumbalesa na hana pa kuulaza mvua zikianza. Aliwaambia kwa upole kwamba anataka kuona mbabula moja tu ambayo mwanamke ataipikia, kisha amtume jirani yake aje kutafuta nyingine. Asipoiona mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, banda ni la unga.

Hilo la banda Berthe angelimeza. Lililomkosesha usingizi ni chepeo la Numbi, koleo la kuchimbia. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlango, jipya, halijagusa udongo, na Numbi hakulificha. Banda likifungwa, alisema, yeye anapanda lori la wachimbaji kwenda Shinkolobwe. Georges, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meza ya pembeni yake, alikwenda kuchimba Kamatanda msimu uliopita, shimo likamwangukia, na ni Berthe aliyempelekea mkewe habari. Hakutaka kubisha hodi ya namna ile mara ya pili katika maisha yake. Kila alipopita mlangoni alilitazama lile chepeo.

Kwa hiyo alimeza hasira akajaribu kuwafundisha. Aliwaambia waende kwenye majiko ya watu wakatazame. Gaston akaenda, akapokelewa kwa heshima, akakaa sebuleni na baba mwenye nyumba, akanywa chai, akarudi na maoni ya baba huyo juu ya serikali. Kuhusu kupika hakuwa na habari, kwa kuwa mama alikuwa uani na mwanaume mzima hafuati mwanamke uani kumchungulia chungu. Numbi yeye hakwenda kabisa. Nyumba aliyopangiwa ilikuwa jirani na ya mama Suzanne, mama mkwe wake, na Mluba aliyelelewa vizuri hajitokezi machoni pa mama mkwe. Akimwona njiani huhama njia. Berthe alimuuliza kama kuna upande wowote wa mji huu ambao mama mkwe wake hapiti. Numbi akafikiri kweli kweli, kisha akasema hapana, mama anatembea sana.

Basi mbabula tatu za rangi ya kijivu zikapelekwa nyumba tatu, moja ikiwa ya mama Suzanne. Baada ya siku chache Berthe akatuma kuuliza. Majibu yakaja yote kwa sauti moja: ni nzuri sana, Mungu awabariki, mikono yenu isichoke. Gaston akavimba kichwa. Berthe akavaa viatu, akaenda mwenyewe bila kutoa taarifa.

Katika nyumba ya kwanza mbabula ilikuwa sebuleni. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palikuwa na maua ya plastiki na picha ya harusi. Uani, mama mwenyewe alikuwa amechutama mbele ya mawe matatu, machozi ya moshi yakimtoka. Alipoulizwa, alishangaa kuulizwa. Kitu kizuri vile akiwekee moto? Rangi si itaharibika? Katika nyumba ya pili mambo yalikuwa yale yale, isipokuwa picha ilikuwa ya ubatizo. Ya tatu hakuwa na nguvu ya kwenda kuiona.

Alirudi karakana akawaeleza yote, akingoja waone aibu. Gaston alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akauliza kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Berthe alitoka nje, akasimama kwenye reli, akasema maneno ambayo mtu wa kanisa lake hatakiwi kuyajua.

Alhamisi ya wiki ya mwisho wa mwezi mvua ya kwanza ikanyesha. Ilipokatika, mama Suzanne akaonekana barabarani anasukuma toroli, na ndani ya toroli ile mbabula. Numbi alimwona kupitia dirisha, akaruka kama aliyeona nyoka, akajificha nyuma ya bamba kubwa la chuma lililoegemea ukuta. Mama Suzanne naye alijua alipo, maana miguu ilionekana. Akajifunika kitenge kichwani, akaligeuzia lile bamba mgongo, akasimama mbele ya Berthe. Ndivyo mama mkwe na mkwe wanavyozungumza kwao: kupitia mtu wa tatu, hata kama wanasikiana pumzi.

"Mama Berthe, ule muntu wa kule nyuma, umuambie hivi. Mbabula yake niliweka ku salon, kwa viti ya wageni, juu ya kumuheshimu. Leo kuni ilikuwa na mayi ya mvula, njo nikaiwasha. Nakoroga bukari, na nyungu iko inazunguka. Nashika, inazunguka. Bukari yote ikamwangika, kidogo iniunguze muguu. Umuambie eko anakula bukari kila siku. Hayajauliza hata siku moja ni nani anashika ile nyungu?"

Berthe alisikia uso ukimwaka. Yeye mwenyewe alipika bukari kila jioni ya maisha yake. Kila mara alishusha chungu chini, akakibana kwa nyayo mbili, akaukoroga ule ugali mgumu kwa mwiko hadi mabega yakauma, kisha akaenda kulala. Alikuwa amewatuma wanaume hawa majikoni mwa watu, na jiko lake mwenyewe hakulitazama. Alikasirika, na safari hii hakuwa na Gaston wa kumkasirikia.

Kutoka nyuma ya bamba sauti ya Numbi ilitoka ndogo sana. "Umuambie mama, nimesikia."

Mama Suzanne akaiacha mbabula pale pale, akaondoka na toroli lake. Numbi alibaki nyuma ya bamba muda mrefu kuliko heshima ilivyodai, na alipotoka hakumtazama mtu.

Ijumaa asubuhi Berthe alifungua karakana, akatazama nyuma ya mlango kama kawaida. Chepeo halikuwepo.

Hakuita mtu. Alishika njia mbio mbio hadi mahali yanapopakia malori ya wachimbaji, akimtukana Numbi hatua kwa hatua, yeye na mkono wake unaokataa na rangi yake ya treni. Lori lilikuwa limeshaondoka. Mwanamke wa maandazi alimwambia lilijaa watu na machepeo, sura hakuzitazama. Berthe alisimama katika matope. Akilini alimwona mke wa Numbi akifungua mlango, na yeye Berthe hana la kusema. Kisha akageuka kurudi, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, na kilio alikibana kwa sababu watu walikuwa wengi.

Alikuwa bado upande wa pili wa reli aliposikia nyundo. Ilitoka nyuma ya banda, penye kipande cha reli walichokuwa wakikitumia kufulia chuma.

Numbi alikuwa amepiga magoti. Pembeni yake palikuwa na mpini wa chepeo, mpini mtupu, na ule uso wa chepeo ulikuwa umekatwa vipande. Alisimulia bila kusimamisha kazi. Alikuwa anakwenda kwenye lori, kweli, asingedanganya. Njia ikampitisha nyuma ya ua wa mama Suzanne, na mama alikuwa anapika, maana siku zile bukari ilipikwa saa yoyote unga ulipopatikana. Akajibanza nyuma ya matete ya ua, akatazama. Aliona nyayo za yule mama zikikibana chungu, mgongo umepinda, chungu kikitaka kukimbia na yeye akikirudisha. Akatazama mpaka mwiko ukatoka. Alipokumbuka lori, lilikuwa limekwenda.

Kilichokuwa mbele yake kilikuwa kopo la mafuta lililotobolewa tobolewa kwa msumari, fupi, limekaa juu ya miguu iliyotanuka, na juu yake meno matatu yaliyokatwa kwenye chepeo, yamekunjwa kwa ndani ili yaume chungu kisizunguke. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine. Rangi hakuna. Namba hakuna.

"Usiangalie karibu," Numbi alisema. "Iko mubaya."

Berthe aliizunguka taratibu. Aliisukuma kwa kidole cha mguu, ikayumba. "Iko mubaya sana, baba Numbi," akasema.

Jumamosi Khadija, mke wa Assani, aliiwasha mbele ya duka la mumewe, akapika bukari watu wakimtazama. Chungu hakikuzunguka. Mwanamke mmoja akasema mguu ule umekwenda kombo, mwingine akasema ingekuwa fupi zaidi kidogo, wa tatu akasema matundu ya chini hayatoshi, na Berthe alitamani kuwakumbatia wote kwa zamu, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyemwombea baraka. Kabla bukari haijaliwa, watatu hao walikuwa wameuliza zitapatikana lini. Assani alijikuna ndevu, akasema unga atautafutia pengine pa kulala.

Berthe alirudi karakana na habari hiyo, akamkuta Gaston ameinama na rula, anaupima ule mguu mrefu ili mbabula zote zitoke na mguu mrefu sawasawa. Alifungua kinywa, akakifunga. Wengine utawafundisha kesho.

Ile ya kwanza Numbi aliomba ipelekwe kwa mama mkwe wake, na Berthe ndiye aliyeipeleka, kwani ni nani mwingine angeipeleka. Siku kadhaa baadaye alipita tena kule, hakutuma mtu. Aliporudi Numbi alikuwa kwenye meza yake na tupa mkononi, na alichelewa sana kuuliza.

"Aliiweka ku salon?"

"Hapana," Berthe alisema. "Iko inje. Imekuwa nyeusi yote, masizi mpaka ku miguu. Hata sikuijua."

Numbi akaitikia kwa kichwa. Akageukia ukuta, kana kwamba mama mkwe wake ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni, na hakugeuka tena mpaka alipomaliza kujifuta uso.