Gari la Siaya, Gari la Kajiado

Wilkister alitoka zamu ya usiku Kajiado Jumamosi asubuhi, akaenda moja kwa moja hadi yadi ya magari Kitengela bila hata kubadili viatu. Hakuthubutu kupitia nyumbani, kwa sababu mumewe Ojwang alikuwa ameshafika yadini, na mwanamume akiachwa peke yake huko huchagua kwa macho.

Macho hayo yalikuwa yamekwama kwenye gari la juu jekundu, lenye matairi mapana na kitufe cha kuongeza mbio. Kando yake kulikuwa na gari dogo la umeme, jeupe, la bei nafuu, limekaa kama mgeni aliyesahauliwa kupewa chai. Hilo ndilo alilolitaka Wilkister. Miaka sita amekuwa akitoka Kitengela kwenda kuuguza wagonjwa Kajiado, na mwenye ploti wanayopanga alikuwa ameshakubali wafunge mita ya kuchajia. Ojwang ni mwalimu; shule yake iko hatua mia mbili kutoka mlangoni pao.

"Hii itafika kwetu Siaya?" Ojwang aliuliza, akigonga boneti ya lile jeupe kwa kidole.

"Bila kuchaji njiani, hapana," akasema Wahome, muuzaji. "Inaenda kama kilomita mia mbili. Hiyo nyekundu itafika, na itapita kila mtu kwa barabara."

"Umesikia, Mama Lorine? Mazishi ikitokea nyumbani tutafika na nini? Watu watasema mji umetushinda."

Huo ndio ugonjwa wetu sisi wapangaji: gari hununuliwa kwa ajili ya macho ya matangani, na siku nyingine zote za mwaka kila mtu ajijue.

"Siaya tunaenda mara mbili kwa mwaka," Wilkister alisema. "Kajiado naenda kila siku."

"Najua unachoka. Hata mimi huchoka."

Hilo lilikuwa jibu la Ojwang la siku zote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ili kumaliza ubishi, Ojwang akaomba funguo za lile jeupe. Aliapa halitafika hata Isinya, katikati ya njia ya Kajiado. Wahome akaketi nyuma, Wilkister mbele, na gari likaondoka bila sauti.

Wilkister alipofumbua macho aliona geti la hospitali yake. Akanyakua mkoba, akafungua mlango, akakimbia huku akipapasa kitambulisho shingoni.

"Sister, umerudi tena?" Saruni, askari wa getini, alimuuliza. "Si nimekufungulia asubuhi hii ukienda kulala?"

Wilkister akaacha kupapasa shingo. Akarudi garini polepole. Wahome alikuwa ameinamia simu yake kwa bidii. Ojwang alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, na gari limesimama.

"Ulilala hata kabla tutoke Kitengela," alisema. "Nilikuita tukipita Isinya, hukusikia. Sikujua umechoka hivi. Tuchukue hii."

Wilkister alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka sita, akidhani yakija atayafurahia. Alichohisi ni hasira.

"Nimekuambia kila wiki, Baba Lorine," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na hukuniamini mpaka uniendeshe kama mgonjwa."

Wilkister akafunga mkanda, na njia yote ya kurudi Kitengela alikaa macho.