Tundu la Blanketi

Baba mkwe wangu, mzee Ratemo, alikuwa akinywa maji mpaka mtungi unakauka, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Hospitalini Kisii daktari alitueleza kwamba kongosho, kinyama kilicho nyuma ya tumbo, lilikuwa limeacha kutoa insulini, na bila hiyo sukari hukaa tu kwenye damu isimfae mtu. Dawa yenyewe ilitoka kwenye kongosho la ng'ombe. Angedungwa kila asubuhi maisha yake yote. Akiacha, atakufa.

Nani amdunge? Mama mkwe, Gesare, macho yake yalikuwa na ukungu. Mume wangu Ogari alikuwa Kericho, akichuma chai ya Wazungu. Nilibaki mimi, Kwamboka, niliyefanya kazi wodini kabla ya kuolewa. Lakini kwetu Wagusii mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita chinsoni, na mzee alisema afadhali afe.

Gesare, ambaye mzee alimwita Mama Ogari, hakubishana naye. Alitundika blanketi kuukuu katikati ya chumba, akalitoboa.

"Mzee, nyoosha mkono nikudunge," alisema.

Mkono ukapita tunduni. Nikadunga mimi, bila hata kukohoa. Sote watatu tulijua, tukajitia hamnazo. Tuliendelea hivyo hadi nikaufahamu ule mkono kuliko uso wa mwenyewe.

Kisha Gesare akafa kwa homa ya mapafu. Sikulia. Majirani walinikodolea macho pale kaburini, nami nilikuwa nawaza kama kuni zitatosha. Nilikuwa ganzi mwili mzima. Nilishika sufuria ya moto na sikusikia kitu.

Katika msiba wote mzee alikataa kudungwa. Tulipotoka kuzika, pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, dalili kwamba sukari ilikuwa ikimuua. Nilichemsha sindano, nikasimama upande wangu wa blanketi. Sauti ya kumwita tulikuwa tumeizika, na yangu haikuruhusiwa. Nikangoja, hasira ikanipanda. Akitaka kufa, basi na afe!

Upande wa pili kiti kililia.

"Mama Ogari," mzee alisema polepole, "uko tayari?"

Niliinua sindano. Mkono ukapita tunduni. Nikadunga.

"Asante, Mama Ogari."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, kilio ambacho mtu yeyote angejua ni cha nani.  Mzee aliuacha mkono wake palepale mpaka nikanyamaza.