Majina ya L2 Mine

Karatasi ilibandikwa mlangoni asubuhi: utawala wa chuo umemteua mwanafunzi Glody kuwa msemaji wa wanafunzi wote.

Laure aliisoma mara mbili, akaibandua. Yeye alikuwa CP, yaani shefu wa promosyo, darasa la mwaka mmoja; yake ilikuwa L2 Mine, mwaka wa pili wa uchimbaji madini, na alikuwa amechaguliwa na wenzake sitini na watatu. Kila promosyo ilikuwa na CP wake, na ma-CP wote kumi na mmoja ndio waliokuwa na haki ya kumchagua msemaji. Sheria yao ilisema hivyo.

Akaenda na karatasi hiyo hadi ofisini kwa Aparitere Kalenga, bwana aliyesimamia mambo ya wanafunzi.

"Papa, msemaji ni ba-CP banamuchaguaka. Siye hatuyachagua muntu."

"Weye ni nani, unifundishe sheria?"

"CP ya L2 Mine."

"Ulikuwa. Iambie promosyo yako itafute mwingine."

Laure alitoka na karatasi mkononi. Baba yake alifanya kazi kiwandani miaka thelathini, na mpaka leo sauti ilimshuka kila alipokutana na mkubwa. Laure aliogopa kuirithi sauti ile kuliko alivyomwogopa Kalenga.

Promosyo ilipiga kura siku hiyohiyo. Wakamchagua Laure tena.

Kesho yake Kalenga aliingia darasani mwenyewe. Akaandika ubaoni majina mawili ya wanafunzi wa kugombea u-CP, la Laure halimo.

"Nani anamutaka Pitshou?"

Hakuna aliyeinua mkono. Pitshou mwenyewe alikuwa anatazama dirishani.

"Mamie?"

"Minye sitaki, Papa," Mamie alisema, mikono ameikunja kifuani. "CP tuko naye."

Kalenga akachomoa kalamu. "Bon. Nitaandika majina ya wakaidi wote. Tutaonana kwenye deliberasyo."

Deliberasyo, kikao cha kupitisha matokeo ya mwaka, ndiyo ilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu arudie mwaka mzima. Laure alitaka kuwaambia yaishe, atajiuzulu. Alikuwa ameshafungua mdomo pale Elikia, msaidizi wake, aliposimama.

"Andika, Papa. Elikia Kabwe."

"Mamie Ngoie."

"Na minye pia. Pitshou Ilunga."

Wakasimama mmoja mmoja, kisha safu nzima kwa pamoja, kila mtu akitaja jina lake, mpaka majina yakapandiana na hakuna aliyeweza kuyafuata. Kalenga aliandika kumi na moja. Halafu akafunika kalamu, akatoka. Laure akakaa chini, akalia mbele ya watu wote, na hakuona haya.

Jumamosi ma-CP walikwenda kumchagua msemaji, wakakuta ukumbi umefungwa kwa kufuli. Wakakutana kwenye ngazi. Glody alifika na barua yake ya uteuzi, akaomba apigiwe kura kama wengine. Akapata mbili. Dodo, mwanafunzi wa Umeme, akapata tisa.

Utawala ulikaa wiki tatu bila kumtambua Dodo, na Laure akaandikiwa barua ya lawama. Wiki ya nne maabara zilikosa maji, wanafunzi wakagoma kuingia darasani, na Kalenga akahitaji mtu wa kuzungumza naye. Akamwita Glody.

"Minye hapana msemaji," Glody akamjibu. "Muite Dodo."

Dodo aliitwa. Alikwenda, na nyuma yake wakafuatana ma-CP wote kumi na mmoja, Laure akiwa wa kwanza kuvuka mlango wa ofisi ya Kalenga baada yake.