Mahali Palipokuwa na Nyasi Tupu

Kabedi alipiga magoti, akafunua jivu ndani ya chungu kwa kijiti, akapuliza. Makaa yalikuwa hai bado. Aliongeza mkaa, akarudishia jivu juu yake, kisha akajitwika chungu hicho kilichovunjika mdomo na kuwahimiza mumewe Kisimba na binti yao Elise, aliyebeba sufuria na unga, watoke, wasije wakachelewa kupewa ufunguo.

Nyuma yao hapakuwa na kijiji tena. Ukoo wao ulikuwa umeishi pale ukingoni mwa Lualaba tangu enzi za nyanya zao, hadi Kampuni ilipokuja kuuzuia mto kwa ukuta ili ipate umeme wa migodi ya Kolwezi. Sasa vibanda vyote vilikuwa chini, na si Kampuni iliyovibomoa. Walivibomoa wenyewe.

Hiyo ilikuwa kazi ya Kalenga, mdogo wake Kabedi, mtoto wa tumbo moja, kapita, msimamizi wa vibarua, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Alikuja jioni moja, akaketi mkekani kwa dada yake, akala bukari, ugali wao, kwa sombe ya majani ya muhogo, akanawa mikono taratibu. Kisha akawaambia kwamba zile nyumba za matofali zilizojengwa kilimani ni za wenyeji, ila mzungu hampi ufunguo mtu mwenye kibanda. Atakayebomoa kwanza ataingia kwanza.

Watu walisita. Kwao nyumba huvunjwa mwenyewe akiisha kufa. Kuvunja ya mtu anayepumua ni kumchimbia kaburi. Vikongwe walilia kama wako msibani. Lakini Kabedi ndiye aliyembeba Kalenga mgongoni mama yao alipofariki, na angemshuku vipi? Akapiga moyo konde, akang'oa nguzo ya kwanza kwa mikono yake, na wengine wakamfuata. Nyasi za paa wakazichoma, udongo wakausawazisha, maana Kalenga alisisitiza pawe safi kabisa.

Kilichobaki ni moto. Moto wa jikoni huhamishwa ukiwa hai. Ukizima njiani, nyumba imekufa. Ndiyo maana Kabedi alilala nje kando ya chungu, akikilisha mkaa kidogo kidogo kama anayemnywesha mgonjwa uji.

Kilimani walimkuta afisa wa serikali, kijana wa kizungu aliyebabuka pua kwa jua, Kalenga akiwa ubavuni mwake kutafsiri. Milango ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Waliingia waashi walioletwa kwa treni kutoka Lubudi, wakaingia madereva, wakaingia mafundi wa mitambo na wake zao na magodoro yao. Wenyeji waliendelea kusubiri juani, kila mmoja akijipa moyo kwamba mlango unaofuata ni wake. Kisha funguo zikaisha.

Kisimba alivua kofia, akauliza. Afisa alijibu kirefu, tena kwa upole. Kalenga akatafsiri akiangalia viatu vyake.

"Anasema sheria iko. Mutu mwenye Kampuni inafukuza mu nyumba yake, inamupa ingine. Lakini jana alitembea fasi yote kule mtoni, hakuona nyumba hata moja. Basi hakuna mutu wa kulipa."

Kabedi alisogea mbele na chungu chake kichwani. "Mwambie njo weye ulitutuma tuvunje."

Kalenga hakutafsiri neno.

"Ile sheria, uliijua siku ile ulikula bukari yangu?"

"Yaya," akasema Kalenga, akimwita dada yake kwa sauti ya chini, "mi pia niko na batoto."

Hapo ndipo Kabedi alipouona ufunguo mpya ukining'inia kiunoni pa kaptura ile. Kumbe aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ujira wake ndio huo. Angedanganywa na mzungu angekasirika tu, angelala, kungekucha. Kudanganywa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfuta kamasi kulimuumiza hata akakosa machozi.

Alasiri wakubwa wa serikali na wa Kampuni waliteremka ukingoni kuuzindua mji. Bendera ilipandishwa, tarumbeta likapigwa, afisa akahutubu. Alisema kwamba jana tu mahali hapa palikuwa nyasi tupu, hapana mtu, na leo mji umezaliwa. Kalenga alitafsiri hayo yote vizuri sana, bila kuruka hata neno. Waliohamia kilimani wakapiga makofi. Kisha wakubwa wakajipanga kupigwa picha ya kupelekwa Ulaya.

Kabedi alipita kando yao hadi mahali palipokuwa jiko lake. Mafiga yake matatu hakuwa ameyang'oa. Siku ile mikono ilikataa, akayafukia udongo tu. Aliyafukua, akamwaga makaa katikati, akaweka kuni na sufuria ya maji. Moshi ulipanda, upepo wa mto ukausukuma moja kwa moja kwenye nyuso za wakubwa. Mpiga picha akanung'unika, na Kalenga akatumwa mbio.

"Yaya, ondoka. Moshi inaharibu picha."

"Hapa ni kwangu. Umwambie vile."

Kalenga alirudi kwa wazungu, akasema maneno mawili matatu ya Kifaransa, akajigonga kichwa kwa kidole. Wakubwa wakacheka, wakamsamehe mwendawazimu. Mpiga picha akaibeba mashine yake yenye miguu mitatu, akaigeuzia upande ambao kwa kweli palikuwa na nyasi tupu.

Kisimba alikuja akakaa chini karibu na mkewe. Maji yalipochemka Kabedi alimimina unga, akasonga, akaanza kugawa. Tonge la mumewe akaliweka, la binti yake Elise akaliweka, na kwa mazoea ya miaka yote mkono wake ukafinyanga na la Kalenga. Alilitazama kidogo. Kisha akalikata vipande viwili, akawapa watoto wa jirani, ambao nao hawakuwa na pa kulala.