Fomu Kumi na Tisa za Muhuri

Kama kuna mtu aliyestahili jina lake la utani, ni Muhuri. Kwa miaka kumi na tisa katika karakana ile ya ndege, hakuwahi kugonga muhuri kwenye kazi ambayo hakuikagua kwa macho na mikono yake mwenyewe. Bosi afoke, abiria wanune, rubani atazame saa, yeye yuko chali chini ya bawa na tochi yake. Mkewe alizoea kusema kwamba huyu hata akikaribishwa peponi ataomba kwanza aangalie bawaba za mlango.

Basi mtu huyo ndiye aliyepoteza kila kitu kwa siku moja.

Chanzo ni shemeji, mdogo wa mkewe. Muhuri ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika spana. Sasa alikuwa fundi wa mkataba, ameletwa na wakala wa ajira, na siku moja wakifunga gurudumu pamoja akajisahau, akataja mshahara wake. Ulikuwa mara mbili na nusu ya ule wa Muhuri.

"Unanitania."

"Shemeji, kwenye pesa kuna utani? Ila na wewe una bima, una pensheni, una likizo. Mimi nikiugua, mkataba unakufa kabla yangu."

Hayo ya mwisho Muhuri hakuyatia maanani. Mara mbili na nusu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwanafunzi wake! Gurudumu lile lile, ndege ile ile, na wa mwisho kugonga muhuri ni nani? Si yeye?

"Tamaa mbele, mauti nyuma," mkewe alimwambia. "Halafu siku hizi nakuita mara tatu ndipo unageuka. Hebu pumzika kwanza."

"Tamaa gani, mama watoto? Hii ni haki yangu."

Akaandika barua ya kuacha kazi. Wakala walimtaka kwa mikono miwili, maana leseni kama yake haiokotwi njiani. Sharti lao lilikuwa aachiwe kwanza na mwajiri, ndipo apimwe afya, ndipo asaini mkataba. Vipimo ni utaratibu tu, walimwambia, naye akaamini. Mtu ambaye hajawahi kulazwa ataogopa nini?

Jumatatu asubuhi alikwenda zahanati ya wakala. Damu safi, macho safi, moyo kama wa kijana. Kisha nesi akamwingiza kwenye kibanda chenye kioo, akamvisha visikilizio, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Akasikia milio michache minene, akabonyeza. Halafu kimya. Akangoja. Akamtazama nesi kupitia kioo, akamtabasamia kumtoa wasiwasi, maana alijua mashine imegoma, na mashine zikigoma ndiyo kazi yake.

Nesi akafungua mlango.

"Imekufa? Nikuangalizie?"

"Tumemaliza, mzee."

Muhuri bado alikuwa ameshika kitufe. Nesi akamwonyesha mstari kwenye karatasi. Sikio la kulia karibu limekwisha, la kushoto linalifuata. Ni kelele za injini, alisema, za miaka mingi. "Kwani kazini hamkuwa mnapimwa kila mwaka?"

Alijishika sikio la kulia, akalivuta taratibu kama mtu anayejaribu skrubu iliyolegea. Mtu wa wakala aliisoma ile karatasi, akamrudishia faili lake kwa adabu zote.

Hata koti hakufunga vifungo. Alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi wa kampuni, mama mmoja mpole, akaweka mkoba wake juu ya kiti na kuomba barua yake irudishwe.

"Ilikubaliwa Ijumaa, mzee wangu. Na nafasi yako imefutwa. Watachukua mtu wa mkataba."

Akashika ukingo wa meza. "Basi masikio yangu je? Yameharibikia humu. Mfanyakazi wa kudumu akiumia kazini analipwa fidia na anatibiwa. Si ndiyo kanuni?"

"Ndiyo," alisema yule mama. Akafungua faili na kupanga karatasi mezani moja moja, bila haraka.

Muhuri alizitambua kabla hazijaisha. Zilikuwa fomu za kupima masikio; kila mwaka nesi wa kampuni alizileta karakanani saa ya chai, kwa kuwa hakuna fundi aliyekuwa na muda wa kwenda kupimwa, na kila mmoja alijijazia mwenyewe: nasikia vizuri, masikio yote mawili. Chini kulikuwa na saini yake. Juu ya saini kulikuwa na muhuri wake, namba yake, umenyooka vizuri. Mara kumi na tisa.

Alizipitia zote kwa kidole, akitafuta japo moja ambayo si yake. Hakuiona. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoipitisha bila kuikagua, na aliipitisha kikombe kikiwa mkononi.

Akainua macho. Midomo ya yule mama ilikuwa inacheza.

"Unasemaje?"

Yule mama akaonyesha kiti, akapaza sauti. "Simu yako, mzee. Inaita tangu ulipoingia."

Akaitoa kwenye mkoba. Mkewe alikuwa amepiga mara saba, anataka kujua majibu.