Basi Lisilopita Masasi

Kina mama wenzangu, mkisikia mtu anasema "nimeshakata, tiketi iko kwenye simu," msinyamaze. Mimi nilitakiwa kunyamaza na sikunyamaza.

Binti yangu Careen alimaliza ualimu miaka minne iliyopita. Miaka yote minne analima korosho na mimi hapa Lupaso, cheti kimekaa kwenye begi. Safari hii akaitwa usaili Dodoma, Jumatatu saa moja asubuhi, na tangazo limesema atakayechelewa hapokelewi. Walioitwa ni wengi. Mabasi ya Masasi yakajaa siku ileile.

Shemeji yangu Nickson, mdogo wake marehemu mume wangu, akatoa simu yake mpya. Akasogeza kidole, akasogeza, akaruka. "Tumepata! Siti ya mwisho, Jumamosi alfajiri. Basi la Newala kwenda Dodoma."

"Newala? Si sisi tuko Masasi?"

"Shemeji, gari la Newala likienda mbali linashukia wapi? Si Masasi? Careen anapandia stendi pale, anakaa kwenye siti yake, kwisha."

Kwa kweli huku kila mtu angesema hivyo. Tangu nipate akili, msafiri wa Newala anashuka mlima anakuja Masasi. Hata mimi nilikubali, ila nikaomba nione. Kwenye kioo kulikuwa na jina la Careen, namba ya siti, Newala, mshale, Dodoma.

"Na hapa katikati, kwenye mshale?"

"Katikati ni barabara, shemeji!"

Akacheka. Careen naye akacheka, mwanangu wa kumzaa.

Ijumaa sisi watatu tukafika Masasi mjini na begi ili kesho tusichelewe. Saa nane mchana ule mshale bado sijauelewa. Nikasema naenda steshenari nikaione tiketi kwenye kompyuta, wanitolee na karatasi.

Careen akanishika mkono. "Mama, siku hizi karatasi ya nini? Unaniaibisha."

"Kama ni aibu nitaibeba mimi. Twende."

Mwenye steshenari anaitwa Emilia, binti mpole. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nifungulie hii." Nickson akamsomea namba ya tiketi, kisha akaangalia nje kama hanijui.

Emilia akakunja uso. "Mnapandia wapi, mama?"

"Hapa stendi."

Akanigeuzia kompyuta. Kwenye kioo kile kikubwa safari ilikuwa imeandikwa yote, kituo kwa kituo: Newala, Tandahimba, Mtwara, Lindi, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma. Mimi ni wa darasa la saba. Nikasoma kwa kidole, nikarudia. Masasi haipo.

"Hiyo kompyuta ya zamani," Nickson akasema.

"Ni ukurasa uleule, baba," Emilia akajibu. "Hata kwenye simu upo, ila mpaka ubonyeze hapo kwenye mshale ndiyo vituo vinafunguka."

"Umesikia, shemeji? Simu haina kosa!"

"Nani kasema ina kosa? Haikukuonesha na wewe hukuuliza. Nilipouliza mimi mlicheka."

"Usinipigie kelele mbele za watu."

"Nitapiga! Kesho mtoto angekaa stendi na begi anasubiri gari ambalo liko Tandahimba, na wewe umelala!"

Waliokuja kutoa fotokopi wakageuka wote. Careen alikuwa anasoma kile kioo.

Nickson akaleta hoja nyingine: tulale Masasi, alfajiri tuchukue bodaboda tupande mlima. Nikamwambia alale yeye. Nikabeba begi kichwani, Careen akanifuata.

Stendi tukamkuta Hamidu, dereva wa gari dogo la Newala, Mmakonde mwenye maneno. "Wamakua leo mnakimbilia kwetu? Huko kwenu mmekula mpaka mbegu?"

"Washa gari, mtani. Matusi nitakujibu tukifika."

"Nasubiri abiria wawili."

"Hesabu vizuri. Wawili ndio sisi."

Tukalala Newala kwa Bernadeta, dada niliyeimba naye kwaya zamani. Alfajiri ukungu umefunika stendi na baridi inauma. Basi lilikuwepo. Kondakta akasoma jina la Careen, akampa njia. Mimi nikapanda nyuma yake.

"Mama, wewe si abiria. Shuka."

"Nitashuka. Kwanza nina swali kwa dereva." Nikasogea mpaka mbele. "Baba, gari hili linapita Masasi?"

Dereva akanishangaa. "Masasi? Tunaelekea Tandahimba, mama. Umepotea gari?"

"Sijapotea. Nenda zako."

Abiria wakacheka na mimi nikashuka taratibu, sikujali. Nilisimama palepale mpaka taa za nyuma zikapotea kwenye ukungu.

Jumapili jioni Careen akapiga. Ameshafika Dodoma, amepata pa kulala karibu na ukumbi wa usaili. Akasema, "Mama, ningekuwa bado niko stendi ya Masasi." Nikamwambia alale mapema.

Nickson ndiye hajanyamaza. Anawaambia ndugu nilimdhalilisha kwa Emilia, anataka nimwombe radhi. Siombi. Na akikata tiketi nyingine ya mtoto wangu nitakwenda tena steshenari mchana kweupe, na nitaongea kwa sauti ileile.