Mmea Uliotoka Mpwapwa

Doris alipoondoka kwenda kozi Morogoro, alimwachia mama mkwe wake nyumba, funguo na vyungu vya maua. Nyumba haikumtisha Bernadetha. Vyungu ndivyo vilivyomtia mawazo, kwa sababu huko Mwika, mlimani alikotoka, mmea unakaa ardhini, na mtu akitaka kuona kijani anafungua mlango tu.

"Haya ya majani, Mama, utayapa maji ukiona udongo wa juu umekauka," Doris alimwonyesha pale barazani, mkoba tayari begani. "Vumbi likizidi, unayafuta kwa kitambaa kibichi. Ila hii ya miiba usiiguse kabisa. Usihangaike nayo."

Usihangaike nayo. Kwa malezi ya Bernadetha, mke wa mwanao akikuambia usihangaike, hiyo ni adabu tu. Yeye mwenyewe alipoolewa alimwambia mama mkwe wake maneno hayo hayo kila asubuhi, na kila asubuhi mama mkwe alihangaika, akafagia uwanja, akawakatia ng'ombe majani. Siku ambayo asingehangaika, nyumba nzima ingejua kuna ugomvi. Kwa hiyo Bernadetha alijibu, "Haya mwanangu, nenda kwa amani," na moyoni akapanga kuihangaikia ile ya miiba kuliko yote.

Ilikuwepo midogo mitatu minne kwenye makopo, hiyo haikuwa na historia. Mkubwa ulikuwa mmoja, umesimama wima kama mshumaa wa Pasaka, una mabonde na matuta, na kimo chake kilimfika Bernadetha kifuani. Ulitoka Mpwapwa. Mama mzazi wa Doris aliupanda kwenye sufuria lililotoboka, akauweka mlangoni kwake. Alipofariki, ndugu waligawana vitu, Doris hakuchukua kingine. Alipanda basi na sufuria lake mapajani, mmea umefungwa kanga mbili, akashuka nao stendi ya Moshi mikono imechanika.

Bernadetha alilijua hilo, na ndilo lililomsukuma. Mmea wa marehemu kukaa kwenye sufuria bovu, tena barazani, wageni wakipita wanaona! Huku ni kumdharau mtu aliyelala. Alinunua ndoo mpya ya bluu, nzima, isiyo na tobo hata moja. Shemeji yake Kornel, mdogo wa marehemu mumewe, alimteremshia kiroba cha samadi ya zizini kutoka Mwika. Akauhamisha mmea kwa magazeti na subira, akaujazia samadi hadi juu, na kila asubuhi akaupa maji kopo zima, kama unavyopewa mgomba mchanga zamu ya mfereji inapofika.

Vyungu vya majani vilimpenda. Mti mpira ulitoa majani mapya, mekundu kwanza, kisha mazito na yenye kung'aa kama viatu vya padri. Maniplanti, ua la kutambaa, ilipanda dirishani. Kwenye chungu kimoja waliingia wadudu weupe kama unga, akawasugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni hadi wakaisha. Na ule wa miiba nao ulinenepa. Matuta yalijaa, ngozi ikang'aa. Bernadetha aliuona akacheka peke yake: "Kumbe ulikuwa na njaa tu."

Kisha ukaanza kuwa wa njano kule chini. Akadhani ni kiu, akaongeza maji.

Asubuhi aliyougusa, kidole kilizama. Kilitoka na majimaji ya kahawia, na harufu ya ndizi za pombe zilizopitiliza. Bernadetha alisimama pale na kidole chake hewani, hajui akifute wapi. Kisha akaenda ukutani akaita.

"Baba Surjit! Upo?"

Upande wa pili aliishi mzee Gurdev, baba yake Surjit, Singasinga aliyewaachia watoto duka lake la vipuri, na sasa alipitisha siku na mimea yake ya miiba, ameipanda kwenye makopo ya oili ya gari yaliyopangwa kama wanafunzi. Alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi.

"Nipo, Mama Valerian. Hata nikifa nitakuwa nipo, wewe ita tu."

"Njoo uone kitu."

Gurdev alizunguka akaingia getini. Aliitazama ndoo ya bluu, akainama, akanusa, akanyanyuka.

"Umeupa nini?"

"Samadi. Na maji."

"Maji kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nani? Ng'ombe?" Gurdev akatikisa kilemba chake. "Mama, huu unakunywa kwa kijiko. Wewe umeufungulia mfereji. Na tundu liko wapi?"

"Tundu la nini? Ndoo nzima nzuri hivi nitoboe?"

"Ungetoboa. Sasa mizizi imeoza, na uozo unapanda." Aliona uso wake, akapunguza sauti. "Wa Doris huu?"

"Wa mama yake."

Gurdev akainama tena, akaukagua hadi juu. "Juu bado mzima. Ukate mahali ambapo nyama ni nyeupe na safi, hakuna doa. Kipande ukilaze kivulini kikauke, jeraha lifanye kigaga. Ukikipanda kibichi, kinaoza tena. Usikipe maji. Hata tone. Hata kikikulilia."

Bernadetha alikata kwa kisu cha jikoni, ameushika mmea kwa gazeti lililokunjwa. Alikata, akaona doa. Akakata juu zaidi, doa tena. Alipofika kwenye weupe mtupu, kilichobaki mkononi kilikuwa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole. Akakilaza juu ya kabati la barazani. Sehemu iliyooza akaiacha ndani ya ndoo.

Valerian, mwanawe, dereva wa magari ya watalii, alirudi kutoka porini akakuta nyumba inanuka.

"Mama, tupa hiyo takataka!"

"Haitupwi. Mwenyewe ataiona kwanza."

"Aione ili iweje? Aumie?"

"Mtu hazikwi wenyewe hawajafika."

"Mama, huu si mtu."

"Kamwambie mkeo hivyo," Bernadetha akasema, na Valerian akaenda kufungua madirisha, maana alimjua mkewe.

Jambo lilikuwa hivi. Tangu Bernadetha ateremke kutoka mlimani kwa ajili ya magoti yake, yeye na Doris waliishi vizuri, lakini kwa kukwepana, kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba. Shikamoo, marahaba, chakula tayari, asante. Kabla ya safari hii Doris hakuwahi kumwachia funguo. Bernadetha alizipima zile funguo mfukoni akaona ni jambo kubwa. Sasa angezirudisha pamoja na mmea uliooza.

Alichojua yeye kufanya katika hali ya namna hiyo kilikuwa kimoja. Alipanda gari la Mwika, akaenda kihambani, shamba la ukoo wa mumewe, kwenye mpaka ambako masale yamesimama mstari tangu wakati wa babu mkwe. Isale halina ua la maana wala tunda. Ni majani marefu ya kijani yasiyokauka kiangazi wala masika. Linaonyesha mpaka, linaonyesha kaburi, na mtu aliyekosa akilipeleka kwa aliyemkosea, hilo ndilo ombi lenyewe, maneno ni nyongeza. Na anayelipokea amesamehe. Hakuna kupokea nusu.

Kornel alimkuta amekata kichwa kimoja cha isale, shina na majani yake.

"Shemeji, kuna ugomvi gani huko mjini usiotuambia?"

"Nampelekea Doris."

"Doris gani?"

"Unamjua Doris mwingine?"

Kornel akaweka chini kikapu cha kahawa. "Mama mkwe anampelekea mke wa mtoto isale. Haya. Kesho utasikia ng'ombe kamkamua Kornel."

"Cheka umalize."

"Na mwenye kosa hapeleki mwenyewe. Anatumwa mtu."

"Basi twende wewe ukiwa mtu."

"Nikamwinamie binti wa Kigogo kwa sababu ya miiba? Niache na kahawa yangu. Tena huyo si wa huku, ataona majani tu, atayapikia mboga."

"Miaka yote hiyo ameolewa kwetu, hawezi kuyapika," Bernadetha alisema, akalifunga isale kwenye kanga yake.

Aliporudi mjini alikuta baraza limepata mgeni. Ndani ya lile sufuria lililotoboka ulisimama mmea wa miiba, mzima, wima, una mabonde na matuta, kimo chake kifuani au karibu. Valerian alikuwa ameegemea mlango, anajisikia vizuri.

"Nimeupata kwa wale wauza maua wa barabarani. Na ile ndoo nimeitupa jalalani. Umeona? Kama pacha."

Bernadetha aliuzunguka ule mmea. Kweli, kama pacha. Magoti yalimuuma, alikuwa amechoka, na Doris alikuwa anaingia kesho yake. Angeweza kwenda kulala tu. Alikaa kwenye kiti akautazama kwa muda mrefu, na Valerian akadhani amekubali.

"Utoe," akasema.

"Mama!"

"Utoe kwenye sufuria la watu. Unataka mkeo aamke kila siku anamsalimia mama ambaye si mama yake, na mimi nimekaa hapa namtazama?"

"Utaniharibia nyumba kwa ajili ya ukweli wako."

"Nimeshaiharibu. Sasa niache niuseme."

Valerian akautoa, kwa hasira, na ukamchoma vizuri tu. Hakuna aliyempa pole.

Doris alifika mchana. Akaweka mkoba chini. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Na kabla hajaulizwa, Bernadetha akamwonyesha juu ya kabati. "Niliuhamisha kwenye ndoo, nikautia samadi na maji. Ukaoza. Kilichopona ni hicho. Uliniambia nisiuguse, nikaugusa."

Doris alitazama kile kipande. Akalitazama sufuria, tupu. Akakishika kipande, akakigeuza, akaona jeraha lilivyokauka. Hakulia, hakupaza sauti. Bernadetha alichukua isale kutoka kwenye bilauri ya maji alimoliweka lisinyauke, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Doris alilijua. Kornel alikosea kabisa.

"Mama," akasema polepole, "mimi nikilipokea hilo, maana yake nimesamehe. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Yaani siwezi kulipokea halafu nikaendelea kukasirika."

"Haiwezekani."

"Basi nisilipokee kwanza. Nitakuwa nimekudanganya."

Akaingia ndani. Bernadetha alibaki amenyoosha mikono. Katika maisha yake yote alikuwa ameona isale likipelekwa kwa watu waliopigana mapanga, na hakuwahi kuona mtu analiacha mkononi mwa mwenzake. Alitafuta hasira, hakuipata. Akalirudisha isale kwenye bilauri, akaiweka kwenye meza ya barazani, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuweka kitu kama hicho.

Siku zilizofuata Doris hakuvunja chochote. Alisalimia, alipika, alikwenda kazini. Funguo alizichukua, na Bernadetha alipotaka kutoka aliomba. Gurdev alichungulia ukutani akauliza, "Vipi, vita vimeisha?" Bernadetha akamjibu, "Havijaanza, ndiyo shida."

Kipande kilipofanya kigaga kigumu, Doris alikipanda mwenyewe. Alileta mchanga wa mtoni na kokoto, akauchanganya ndani ya sufuria, Bernadetha amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hahangaiki. Ilimgharimu. Kipande kiliyumba, kikataka kuanguka.

"Shika hapa, Mama," Doris akasema bila kugeuka.

Bernadetha akashika kwa gazeti. Doris akaweka mawe pembeni.

"Mama yangu alikuwa anaumwagia maji ya kuoshea mchele," akasema. "Mara chache sana. Alikuwa anasema wa kwao haufi kwa kiu, unakufa kwa kupendwa." Akasita, akatabasamu kidogo kwa pembe ya mdomo. "Alikuwa na maneno makali, yule mama. Mngegombana."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Doris akamtazama. "Ruth."

"Ruth," Bernadetha akasema, kana kwamba anapokea mgeni.

Walinawa mikono. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Doris akawa anazungumza wakati wa kula, kwanza habari za kazini, baadaye habari za Mpwapwa. Jumapili moja, baada ya misa, alikuwa anafuta majani ya mti mpira, akasogeza bilauri ili apitishe kitambaa mezani, akasimama.

"Mama, njoo uone. Hili linaota mizizi."

Kweli. Chini ya shina la isale vilikuwa vimetoka vijizizi vyeupe, vimejikunja kwenye maji. Doris alilitoa kwenye bilauri, maji yanachuruzika hadi viwikoni, akalishika kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe wake.

"Nimelipokea," akasema. "Leo nalipokea kweli."

Bernadetha akaitikia kwa kichwa.

"Sasa litapandwa wapi?" Doris akauliza.

"Isale halikai kwenye chungu. Linakaa mpakani, shambani."

"Kwangu litakaa kwenye chungu."

Bernadetha alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akainuka, akaisogeza maniplanti upande, ili nafasi ipatikane karibu na dirisha.